Wapimaji Wanaoomba Kurudi Jikoni

Mgeni rasmi, Dkt. Imelda, mkemia uliyetoka Mwanza kwa barabara iliyokutikisa kama chupa ya dawa ya kikohozi, umefika. Pumua kwanza.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kijiji, Baba Waitara; wazee wetu, shikamooni; ndugu zetu mliotoka Gorong'a mkiongozwa na Mzee Rubeni, shikamoo baba; wachimbaji mlioacha mashimo saa za kazi ili mje kuona kama kuna soda; akina mama wenzetu; mabibi na mabwana.

Anayesoma ni Jenipha, katibu wa kikundi. Nilizaliwa Kahama. Nilifika hapa mwaka 2008 nikimfuata mume aliyekuwa anaifuata dhahabu. Dhahabu ilibaki, mume akaendelea mbele. Asubuhi hii Mwenyekiti ameniita pembeni akaniambia, "Jenipha, huyu ni mgeni mkubwa. Usilete utani wako." Nikamjibu, "Baba, nikiuacha utani nitalia hapo mbele. Chagua kimoja." Akafikiri. Akasema, "Basi tania kidogo." Kwa hiyo tutatania kidogo.

1. UKARIBISHO

Mgeni rasmi, sisi ni Kikundi cha Wanawake Wapimaji, Machimbo ya Korongo la Punda, hapa wilayani Serengeti. Umekuja kutufungulia chumba chetu cha kupimia. Ni kile pale chenye bati jipya. Kina meza moja, madirisha mawili na kufuli moja. Tunakukaribisha kama wafanyakazi wanavyomkaribisha mwenzao, maana umeshika chupa miaka mingi kuliko sisi, na unajua jinsi glavu inavyonuka ikivuliwa.

Kazi yetu, kwa wale ambao hupita mbali nayo, ni hii. Mawe yakishasagwa kwenye makarasha huoshwa mwaloni, kwenye mteremko wa maji, na dhahabu hukamatwa kwa zebaki. Mchanga unaobaki hupelekwa kwenye matenki na kulowekwa kwa sayanaidi, ambayo huitoa dhahabu iliyojificha. Dawa zote mbili zinaua. Zebaki ikichomwa hutoa moshi usioonekana vizuri, unaomwingia mtu taratibu. Sayanaidi haitaki taratibu. Ikikosa chokaa ya kutosha kwenye tenki hugeuka hewa, na hewa hiyo haikupi nafasi ya kuaga. Ndiyo maana kila tenki lina mwanamke anayekaa ukingoni na karatasi ya kupimia. Kila baada ya saa moja anachovya. Rangi ikikaa bluu nzito, anamshukuru Mungu na kuandika kwenye daftari. Ikianza kurudi kijani, anaongeza chokaa na kupiga filimbi.

Mwanamke huyo ni sisi. Tenki moja, mtu mmoja, zamu ya saa nane. Wachimbaji wakipita huinua mkono kutoka kwa mbali, kama watu wanaopungia basi ambalo hawataki lisimame.

2. HISTORIA YA WANAWAKE NA DAWA KATIKA ENEO HILI

Tumeombwa tueleze historia kwa kifupi. Vijana wanadhani kemia ililetwa hapa na dhahabu. Si kweli. Bibi zetu wa Nyansurura na Nyanungu walichuja majivu wakapata chumvi ya kulainishia mboga. Walichachusha mtama wakajua kwa sikio, chungu kikivuma namna fulani, kwamba kesho pombe iko tayari na keshokutwa itakuwa siki. Walijua mti gani ukichomwa unatakasa kibuyu ili maziwa yagande bila kuoza. Hawakupewa cheti. Walipewa lawama tu siku pombe ilipoharibika.

Wa kwanza kulipwa mshahara kwa kazi hii, kwa tunaowajua sisi, ni Mama Efrazia. Ni yule aliyekaa mstari wa mbele, mwenye kitenge cha kijani. Mwaka huu ametimiza miaka sabini na moja. Mama, wapungie watu. Basi, inatosha, si kampeni.

Mwaka 1979 Mama Efrazia aliajiriwa kufagia maabara ya shule moja ya sekondari, ambayo jina lake hatulitaji. Ilikuwa ya wavulana. Alikuwa ameishia darasa la saba. Alifagia huku akisikiliza. Mwalimu akisema, "Efrazia, chupa ile," yeye ndiye aliyejua ipi, kwa sababu mwalimu alikuwa anaonyesha ukuta mzima. Baada ya miaka miwili alikuwa anachanganya tindikali kwa vipimo, na alikuwa akiwaambia wavulana, "Tindikali ndani ya maji, mwanangu, si maji ndani ya tindikali. Ukigeuza, itakurukia usoni na mama yako hatakujua."

Mwaka 1984, wiki ya mtihani wa taifa wa vitendo, mwalimu alilazwa kwa malaria. Mama Efrazia alipanga meza zote arobaini peke yake. Kila mvulana aliiona rangi aliyotakiwa kuiona. Mwalimu alipotoka hospitali alipewa barua ya pongezi. Mama Efrazia alipewa fagio jipya.

Hatulisemi hili kwa uchungu. Fagio lilikuwa zuri, anasema lilidumu. Anachokikumbuka zaidi ni saa ya chakula. Kuna hewa moja ya maabara inayonuka kama mayai viza, na inashika kwenye nguo na nywele. Wapishi wa shule walimwekea sahani yake dirishani, kwa nje. Alikula amesimama miaka thelathini. Tulipomuuliza kwa nini hakulalamika, alisema, "Nilidhani ni harufu. Nikajiambia harufu inaisha. Nikaoga kwa ndimu mpaka ngozi ikalia. Baadaye nikajua harufu ilikuwa imeisha siku nyingi, ni desturi ndiyo iliyobaki."

Alistaafu, akarudi kijijini, akatukuta sisi huku mwaloni tukiishika zebaki kwa vidole vitupu na kuibeba kwenye vizibo vya soda. Alipiga kelele, Mgeni rasmi. Alitutukana matusi ambayo hatuwezi kuyasoma mbele ya Baba Mchungaji. Kisha akakaa chini na kutufundisha. Mwaka 2011 tulikuwa wanawake kumi na mmoja.

3. KOSA LETU

Katika risala nyingi sehemu hii haipo. Sisi tumeiweka, kwa sababu mafanikio yetu na upweke wetu vyote vinaanzia hapo.

Kabla ya Mama Efrazia kuja, mwaka 2009, mwenzetu Waisiko alipata donge la zebaki lenye dhahabu, kubwa kama punje ya hindi. Ili dhahabu ibaki, zebaki lazima ichomwe. Wanaume walichomea nje. Siku hiyo mvua ilikuwa kubwa. Waisiko akaingia jikoni kwake, akaweka donge kwenye kijiko kikubwa cha mboga, akakishikilia juu ya moto, pembeni ya sufuria ya maharage ambayo haikuwa na kifuniko. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Muuzaji wa zebaki alikuwa amemwambia bei tu.

Alikisugua kijiko kwa mchanga, akakirudisha kwenye sufuria. Akafanya hivyo msimu mzima wa mvua.

Mikono ilianza kutetemeka. Alikuwa akimimina chai nusu inaingia kikombeni, nusu sahanini, na sisi tulimcheka, tukamwambia, "Waisiko, unapenda mtu siku hizi." Tulimcheka, Mgeni rasmi. Tuandike hivyo hivyo. Baadaye meno, baadaye usingizi. Majirani wawili waliokuwa wamekula kwake nao waliumwa, wakapona. Yeye hakupona. Alikufa mwaka 2013.

Mnajua desturi ya hapa. Msiba ukitokea, hatuulizwi kama tutaenda. Kila mwanamke anabeba sufuria yake, kisu chake na kuni mbili, anaingia jikoni. Huko ndiko tunakolia, na huko ndiko tunakocheka pia, maana anayemenya viazi vibaya atataniwa hata kama marehemu ni dada yake. Mwanamke ambaye hajaingia jikoni kwenye msiba hajafika msibani.

Tulikwenda kumzika Waisiko tumebeba sufuria zetu. Tulipofika mlangoni, mama mmoja alinyoosha mkono akatuonyesha mkeka chini ya ukuta. "Ninyi kaeni pale mpumzike," akasema. "Mnafanya kazi ngumu." Tulikaa. Tukapumzishwa kuanzia asubuhi mpaka jioni. Chakula kilipoletwa, sahani zetu zilikuwa na alama chini, doa la rangi ya kucha, nyekundu, ili zisichanganyike na nyingine wakati wa kuosha.

Tumepumzika mpaka leo. Miaka hii yote, misiba, harusi, ubatizo, mapokezi ya askofu, tumepumzika. Wanawake wengine duniani wanapigania kutoka jikoni. Sisi wa Korongo la Punda tunapigania kuingia.

4. MAFANIKIO

Kwanza. Tangu 2014 hakuna mwanakikundi aliyechoma zebaki nyumbani. Tunachomea kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, kinachoukamata moshi na kuurudisha kuwa zebaki. Wanaume walikiita "chungu cha wachawi." Walipoona zebaki yao inarudi na hawahitaji kununua nyingine, uchawi ukaisha siku hiyo hiyo.

Pili. Ovaroli haziendi nyumbani. Tunaoga hapa, kwenye kibanda kile, kwa sabuni, na kucha zinakatwa na mwenzako, si wewe mwenyewe, kwa sababu mtu hujionea huruma.

Tatu, na hili tunaomba Mzee Thadeo aliyeko hapa alithibitishe. Miaka miwili iliyopita ukingo wa bwawa la maji machafu ulipasuka saa nne asubuhi. Luciana, ambaye ni mweka hazina wetu, alikuwa zamu peke yake. Aliona maji yanashuka kuelekea kijito, na upande wa pili kundi la ng'ombe wa Mzee Thadeo linakuja kunywa. Alikimbia na ovaroli na mabuti. Alifika kabla ya ng'ombe, akasimama ndani ya njia yao akipiga filimbi na kurusha mawe, mpaka wakageuka. Ng'ombe sitini na tatu. Mchunga ng'ombe alimtukana kwanza, akaelewa baadaye. Kisha Luciana alirudi juu akaziba ukingo kwa viroba vya chokaa mpaka watu wakaja.

Mzee Thadeo alifika mwenyewe kushukuru. Alisema, "Mama, Mungu akupe maisha." Luciana akanyoosha mkono. Mzee akaweka mikono yake mfukoni akaendelea kushukuru. Alishukuru kwa muda mrefu, tena kwa maneno mazuri. Hatukulaumu, Mzee wetu. Tunasimulia tu jinsi ilivyokuwa.

Nne. Mwaka jana wataalamu wa afya walikuja kutupima mkojo na damu, sisi wote. Majibu yalitoka safi. Sisi wanne tuko sawa na mwanamke yeyote anayelima mahindi Nyansurura. Mwenyekiti aliibandika karatasi ukutani kwake, yenye muhuri. Nilimuuliza dada yangu Christina, ambaye ni mwenyekiti wa akina mama wa jikoni na ni mtu mwema, nisimsingizie, kama ameiona.

"Nimeiona."

"Umeisoma?"

"Nimeisoma yote mpaka muhuri."

"Sasa?"

"Sasa Jenipha, karatasi ni yako, tumbo ni langu."

Nikarudi zamu bila kutania. Ni mara chache.

5. CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, tulianza kumi na mmoja, tumebaki wanne: Mama Efrazia ambaye sasa hupima kwa kutuangalia tu, Luciana, Rose, na mimi. Mmoja alikufa, huyo tumemtaja. Wawili walirudi kwao Singida. Wengine wanne waliacha kwa sababu nyumbani waliambiwa wachague, na mtu mwenye watoto hachagui tenki. Wote wanaishi hapa hapa. Tukikutana nao dukani wanatusalimu vizuri sana.

Changamoto nyingine ni wasichana. Shule yetu ya kata ina kemia, lakini wakifika kidato cha tatu wasichana wanaikimbia. Si kwamba ni ngumu. Binti ya Luciana, Veronika, alikuwa wa pili darasani, mbele ya wavulana wote isipokuwa mmoja. Aliiacha. Mama yake alipomuuliza kwa nini, binti alisema, "Mama, nani atakuja kula kwangu?"

Tulikuwa tunataka kumkasirikia. Tukashindwa. Alikuwa amejibu kama mtu aliyekaa kwenye ule mkeka tangu akiwa mtoto, na kweli alikaa, mapajani kwa mama yake.

Veronika anaolewa Jumamosi hii. Anakwenda Gorong'a, kwa kijana mpole, mtoto wa Mzee Rubeni, tumemchunguza. Ng'ombe wa mahari wameshafika na hakuna aliyekonda. Sasa jambo lenyewe, na tunalisema hadharani kwa ruhusa ya Luciana, tena ilibidi tumwombe ruhusa hiyo mara tatu. Wiki iliyopita mshenga alikuja na ujumbe. Alikaa, akanywa maji aliyokuja nayo, akasema:

"Upande wa kwetu umeridhika na kila kitu. Kuna jambo dogo tu. Chakula cha Jumamosi kipikwe na akina mama wengine. Mama wa binti akae kwenye kiti, avae vizuri, apumzike. Wazee wamesema asiguse."

Luciana alicheka. Akasema, "Haya. Nitavaa vizuri." Akamsindikiza mshenga mpaka barabarani, akamwombea safari njema, akarudi zamu.

Siku hiyo tenki namba mbili liliongezwa chokaa mara mbili ndani ya saa moja. Iko kwenye daftari kwa mwandiko wake. Katika miaka kumi na minne hajawahi kukosea kipimo.

Ni mtoto wake wa pekee, Mgeni rasmi. Mama wa hapa humpikia binti yake chakula cha kuondokea kwa mkono wake. Hiyo ndiyo namna ya kumwambia nenda salama. Maneno mengine tunayaacha kwa wachungaji.

Mzee Rubeni, hatukukusudia kukuaibisha. Umelea kijana vizuri. Unaogopa kwa ajili ya watu wako, na mtu anayeogopa sayanaidi ana akili. Sisi wenyewe tunaiogopa kila siku, ndiyo maana tungali hai. Tunachosema ni kwamba kuna kuogopa dawa, na kuna kumwogopa Luciana. Hivi viwili vimechanganywa chupa moja, na anayejua kuvitenganisha ni mkemia.

6. MAOMBI

Kama ilivyo ada, tunaomba: mizani mpya, maana hii ya sasa inahitaji kupigwa kofi ndipo iseme ukweli, katoni nne za glavu za ukubwa mdogo, kwa sababu tunazoletewa zimeshonwa kwa kipimo cha mikono ya wanaume, karatasi za kupimia za mwaka mzima, na vifaa vya kemia kwa ajili ya shule ya kata, ili msichana akiiacha, aiache akiwa ameishika.

Hayo ukishindwa tutasubiri. Kusubiri tunakujua.

Ombi la mwisho halina gharama, na halikupitishwa na kamati ya mapokezi. Baba Waitara, tusamehe.

Tunafahamu kwamba chakula chako, Mgeni rasmi, kimeagizwa hotelini Mugumu, kimekuja kwenye mahotipoti, na kimewekwa ofisini kwa Mwenyekiti. Kamati ilifanya hivyo kwa heshima. Waliogopa utafika ukiwa na njaa kisha ujue ni nani amepika.

Sisi tumepika. Tumeanza alfajiri uani kwa Mama Efrazia. Ni ugali wa mtama na muhogo, na kuku wawili ambao jana walikuwa bado wanabishana. Luciana ndiye aliyesonga. Hatukuita mtu kutusaidia, na hakuna aliyekuja.

Hatukuombi ule kwa huruma. Tungekuwa tunatafuta huruma tungemwita mwanasiasa, naye angeonja mbele ya kamera na kutema nyuma ya gari. Tumekuita wewe kwa sababu wewe unajua. Karatasi ya vipimo vyetu iko mezani mbele yako, isome. Tenki liko pale, kibanda cha kuogea kiko pale, tazama tunapoacha nguo. Nenda jikoni, funua, nusa, uliza. Pima mikono yetu kwa karatasi kama ni lazima. Tumezoea kupima, hatutachukia kupimwa.

Ukikuta hatari, kataa. Kataa kwa sauti, kila mtu asikie. Tutaziondoa sufuria, na Jumamosi Luciana atakaa kwenye kiti, na hatutamlaumu tena Christina wala mshenga wala mtu yeyote. Tutajua kumbe walikuwa sahihi miaka yote.

Usipokuta kitu, basi kaa, ule, na watu wakuone unakula. Wewe ukila, Mzee Rubeni hatakuwa anabishana na karatasi.

Machi ulipokuja kuchukua sampuli za maji, ulitupa mkono mmoja mmoja. Mikono yetu haikuwa na glavu, wala wako. Ulipofika kwa Luciana alisahau kuuachia mkono wako. Ulidhani anataka kusema jambo, ukasubiri. Hakuwa na jambo. Hatujui huko Mwanza ukirudi kazini nani anakaa mezani na wewe, na si adabu kuuliza. Tulisema tu moyoni kwamba huyu aliusubiri mkono, huenda anaelewa.

7. HITIMISHO

Mungu aliyeweka dhahabu ndani ya jiwe na sumu kando yake, akatupa macho ya kutofautisha, akulinde barabarani na kazini. Akuzidishie miaka, na katika miaka hiyo usile peke yako. Awabariki wachimbaji washuke na wapande. Ambariki Veronika na nyumba yake mpya.

Ni sisi, Kikundi cha Wanawake Wapimaji, Machimbo ya Korongo la Punda: Efrazia, Luciana, Rose na Jenipha aliyesoma.

Mgeni rasmi, yule mama anayekuja kwako na jagi na beseni, ovaroli ameiacha kazini na kitenge amekifunga upya mara nne tangu asubuhi, ni Luciana. Maji ni ya uvuguvugu. Nyoosha mikono, au mwambie arudi.